Kuhifadhi mtumbwi wa injini nchi kavu

Kuhifadhi mtumbwi wa injini nchi kavu ni kazi ya kuutoa majini mtumbwi au boti ndogo inayoendeshwa kwa injini ya kupachika, kuukalisha juu ya magogo au vitalu, na kuulinda pamoja na injini yake mpaka siku ya kurudi kazini. Katika nchi za baridi kali kazi hiyo hufanywa mara moja kwa mwaka, kabla ya majira ya baridi. Katika mialo ya Ziwa Victoria iliyoko mkoani Geita, kama vile Nkome na ile ya wilaya ya Chato, hufanywa mara nyingi zaidi, kwa kuwa wavuvi wengi wa huko hufuata kalenda ya mwezi wa angani.

Sababu za kuutoa majini

Huko Ulaya na Marekani ya Kaskazini adui mkuu ni barafu. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na yakiwa yamebaki ndani ya injini huweza kupasua chuma chake. Ziwa Victoria, lililo kwenye mwinuko wa mita 1,134 hivi na kukatwa na ikweta, haligandi kamwe. Kwa hiyo mwenye mtumbwi anayesoma kitabu cha maelekezo ya injini kutoka ng'ambo anaweza kuziruka kurasa zinazohusu barafu. Kurasa za petroli, oili na plagi asiziruke.

Sababu ya kwanza ya kupumzika ziwani ni mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga, zamani wa karabai na siku hizi zaidi wa taa za betri. Mwezi unapokuwa mpevu mwanga wake hutapakaa juu ya ziwa lote, dagaa hawakusanyiki tena kwenye taa, na safari hailipi hata gharama ya petroli. Kwa kuwa mwezi hurudia hali yake kila baada ya siku 29 na nusu hivi, mitumbwi ya dagaa hukaa ufukweni siku kadhaa katika kila mzunguko. Hizo ndizo siku za kushona nyavu na kuziba nyufa.

Sababu ya pili ni amri ya kufunga uvuvi. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi mitatu nchi kavu ni muda mrefu kwa chombo cha mbao, na karibu unalingana na majira ya baridi ya wenzetu.

Sababu ya tatu ni ya Geita yenyewe. Ziwa na machimbo ya dhahabu ni majirani, na wapo vijana wanaohama kutoka kazi moja kwenda nyingine kadiri riziki inavyoelekea. Anayekwenda machimboni kwa wiki mbili huweza kurudi baada ya miezi sita. Mtumbwi ulioachwa ukiwa umelala ubavu mchangani, bila mwangalizi, mara nyingi hautamfaa tena akirudi.

Mahali pa kuuweka

Ziwa Victoria halina maji kupwa na maji kujaa yanayoonekana kwa macho kama baharini. Jambo hilo huwapotosha wageni, wakadhani maji yatabaki pale walipoyaona. Kina cha ziwa hupanda na kushuka kwa miaka, na miaka ya 1964, 2020 na 2024 inakumbukwa kwa maji yaliyofurika na kumeza sehemu za ufuko pamoja na majengo. Hata katika mwaka wa kawaida, usiku mmoja wa dhoruba hutosha kuvuta mtumbwi uliokaa mita chache tu kutoka ukingoni. Mahali pazuri ni juu ya mstari wa takataka na magugu maji yaliyoachwa na mawimbi makubwa, pasipo mkondo wa maji ya mvua.

Mtumbwi mkubwa husukumwa na watu wengi juu ya magogo ya mviringo, huku gogo linaloachwa nyuma likikimbizwa mbele. Ukifika mahali pake haufai kuachwa juu ya magogo hayo yanayobingirika. Hukalishwa juu ya magogo mazito au mawe bapa, mawili au matatu, yaliyowekwa chini ya mkuku, yaani ule ubao mnene unaopita chini katikati kama uti wa mgongo. Mkuku ndio uliotengenezwa kubeba uzito. Nguzo za pembeni hazibebi chombo. Kazi yake ni kukizuia kisianguke. Mtumbwi uliolala ubavu kwa muda mrefu hubonyea upande mmoja, mataruma hulegea na misumari hufunguka.

Boti za faiba, kama zile za doria, huletwa kwa trela. Kuiacha boti juu ya trela kwa miezi si vizuri, hasa kama trela inaishika mahali pachache: faiba huweza kubonyea hapo, na matairi huchakaa kwa kusimama. Namna ya kuishusha ni kuinua upande wa nyuma kwa jeki iliyowekwa chini ya mkuku au ukuta wa nyuma, kupanga vitalu vya mbao, kusogeza trela mbele kidogo, kisha kurudia kazi hiyo kwa upande wa mbele. Vitalu vipangwe kwa kupishana, na mtu yeyote asiingize mwili wake chini ya boti inayoshikiliwa na jeki peke yake.

Jua, mvua na mchwa

Ubao uliokaa majini umevimba, na kuvimba huko ndiko kunakobana maungio. Jua likiupiga wiki tatu hunywea, na kalafati hulegea. Kalafati ya mitumbwi ya ziwa hili mara nyingi ni pamba inayosokotwa na kupigiliwa kati ya mbao, na pamba ni zao la nyumbani kabisa katika Geita na Shinyanga. Kwa hiyo chombo huwekwa kivulini au hufunikwa kwa nyasi, makuti au turubai. Turubai lisigandamane na mbao, bali liachiwe nafasi ya hewa kupita. Unyevu uliofungiwa huozesha.

Mvua huharibu kwa uzito na kwa uozo. Mtumbwi ulio wazi wenye eneo la meta 10 za mraba hupokea lita 100 za maji, yaani kilo 100, kwa kila sentimeta moja ya mvua. Mvua kubwa mbili za masika zinatosha kuutia mzigo ambao magogo hayakupangiwa. Mtumbwi mdogo hupinduliwa kifudifudi. Mkubwa huinuliwa kidogo upande wa mbele, na kizibo cha nyuma hutolewa ili maji yatoke.

Mafundi wa jahazi wa pwani walipaka mbao sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, na sehemu ya chini shahamu iliyochanganywa na chokaa, kwa sababu bahari ina minyoo inayotoboa mbao. Ziwani minyoo hiyo haipo, ila nchi kavu wapo mchwa. Mbao isigusane na udongo, na magogo yakaguliwe kila wiki: njia nyembamba ya udongo inayopanda kwenye gogo ni dalili ya kuchukua hatua siku hiyohiyo.

Injini

Injini huweza kuwa na thamani kubwa kuliko mtumbwi wenyewe, na ndiyo wanayoitamani wezi wa ziwani. Haiachwi ufukweni. Yenye nguvu za farasi 15 hubebwa na watu wawili; ya 40 hufikia karibu kilo 70.

Kabla ya kuihifadhi, bomba la petroli huchomolewa injini ikiwa inanguruma majini, ili kabureta likauke. Petroli iliyobaki humo huvukiza na kuacha utomvu unaoziba matundu madogo. Kisha plagi hufunguliwa, matone ya oili hutiwa ndani ya silinda, na kamba ya kuwashia huvutwa taratibu mara chache. Oili ya giya nayo hutazamwa: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Kamba na nyuzi za nyavu zilizojiviringa nyuma ya propela huondolewa, kwani ndizo zinazokata sili.

Injini husimamishwa wima kwenye kigingi mpaka maji yote yatoke. Ikilazimika kulazwa, sehemu ya propela isiwe juu kuliko kichwa, maana maji yatateremka kwenye silinda. Tundu la kutolea maji ya kupozea hufunikwa kitambaa, la sivyo nyigu hujenga humo kwa udongo.

Chumba cha injini kisiwe chumba cha kulala wala cha kupikia. Hili hupuuzwa sana kambini, ambako mtu hulala na mashine yake kwa kuogopa wezi huku dumu la petroli likiwa kando ya jiko la mkaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni mpaka ukutane na moto. Mashine ikilazimika kukaa ndani na mwenyewe, dumu na tangi vibaki nje, mbali na mlango.

Kurudisha majini

Hatari kubwa ni siku ya kwanza. Mtumbwi uliokauka unaonekana mzima, lakini ukipakiwa watu na nyavu huanza kuvuja ukiwa mbali na ufuko, na usiku. Kwa hiyo hufungwa kwanza kwenye maji mafupi, au humwagiwa maji ndani, kwa siku moja au mbili mpaka mbao zivimbe. Fundi asishindilie pamba kwa nguvu zote wakati ubao ni mkavu, kwani ukivimba hukosa nafasi na kusukuma misumari. Baada ya hapo maji hukombwa, mahali panapoendelea kuvuja huwekwa alama kwa mkaa na kuzibwa, na injini hujaribiwa karibu na mwalo, makasia yakiwa ndani na kila mtu akiwa amevaa jaketi la kuokolea.