Jina la Leso Si Pambo la Mwisho

Leso ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yanayopigwa chapa juu ya pindo la chini. Mkazi wa Mombasa hahitaji kufunzwa haya. Nayataja kwa sababu majuzi nilisoma daftari la mradi la mwanafunzi wa ubunifu wa nguo, kurasa nyingi kuhusu leso aliyoibuni mwenyewe, nisiyaone maneno hayo hata mara moja. Daftari lote limeandikwa kwa Kiingereza.

Binti huyo si mvivu. Ameeleza jinsi alivyochora korosho pembeni, akazifuta, akazirejesha zikiwa kubwa zaidi. Ameeleza kwa nini wekundu uliishinda samawati. Jina ndilo aliloliacha nyuma, na ndilo lililomleta afisini mwangu.

"Mwalimu," akasema, "naomba unisahihishie tafsiri hii niiweke hapa chini."

Tafsiri yenyewe: "Uwezeshaji wa wanawake ni msingi wa maendeleo endelevu." Sarufi haina kasoro. Lakini hebu hesabu mizani, msomaji: ni 24. "Wema hauozi", jina linalofahamika sana katika leso, lina 6. Tena sentensi ya binti haimsemeshi mtu. Ni lugha ya ripoti. Jina la leso husemwa na mvaaji, halimtaji anayesemwa, na mwenye kuhusika hujijua. Mke mwenza, jirani, mkwe, kila mmoja huweza kulisoma kivyake. Ndiyo maana wanunuzi wengi huuliza jina kabla ya kuuliza bei. Rangi iwe nzuri vipi, doti yenye jina baya huozea dukani.

Haya yana historia. Neno leso limetokana na Kireno. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za mkononi zikiwa bado hazijakatwa, wakazishona pamoja kupata vazi moja pana. Wao ndio wabunifu wa kwanza. Majina yalikuja baadaye, kwa herufi za Kiarabu kabla ya zile za Kirumi. Duka la Kaderdina Hajee Essak mjini Mombasa, lililoanzishwa mwaka 1887, limevuma kwa alama yake, "Mali ya Abdulla".

Nilimshauri binti aende Mtaa wa Biashara, akae kimya, asikilize akina mama wakichagua. Mzigo mwingine hata hivyo si wake. Vyuo vyetu humtaka mwanafunzi aandike jinsi alivyofikiri, kisha humpa alama kwa fikira hizo. Sharti la kuziandika kwa Kiingereza pekee humnyima maneno ambayo mafundi na wanunuzi wanayatumia kuijadili nguo hiyohiyo. Akiandika kwamba mama mmoja aliikataa leso kwa kuwa mji umebanwa na pindo, atalieleza hilo vipi kwa istilahi za kigeni bila kulipunguza?

Idara za ubunifu zingeweza kuanza na jambo dogo muhula ujao: sehemu ya daftari inayohusu jina iandikwe kwa Kiswahili, na isahihishwe na mtu anayekijua.