Ubungo Maziwa: "treni ya Mwakyembe" ilivyofika pale

Wadau, juzi nimemsikia kijana akisema eti Dar haikuwahi kuwa na treni ya watu wa mjini kabla ya SGR ya 2024. Jamani, tumesahau mapema hivi?

Tuanzie mbali. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. Haikujengwa kwa ajili ya sisi wa kuwahi kazini, ilikuwa ya kuvuta mali kutoka bara hadi bandarini. Baadaye ikachepushwa njia kwenda kwenye viwanda vya Ubungo. Hapo napo abiria hakuwemo kwenye hesabu.

Tarehe 29 Oktoba 2012 ndipo TRL ikaanza kubeba watu kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, asubuhi na jioni, nauli shilingi 400. Siku hiyohiyo TAZARA nao wakaanza yao ya Mwakanga. Waziri wa Uchukuzi alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, basi watu wakaibatiza "treni ya Mwakyembe".

Sasa mbona haikupita kila dakika kumi kama daladala? Njia ni moja. Treni mbili haziwezi kupishana popote, mpaka moja isubiri kwenye kituo chenye njia ya pembeni. Ukiongeza treni, unaongeza kusubiriana.

Mimi naona tulishangilia jina, tukasahau kudai njia ya pili. Jina la waziri halipishanishi treni!

Naomba kuwakilisha.