Vijana, video na jumuiya za mtandaoni



Wakati wa likizo ya Agosti, mama mmoja wa kikundi hapa Waa alinijia na uchungu. Mjukuu wake alikuwa amempiga video akilia mkutanoni, siku aliposhindwa kurejesha mkopo. Kijana akairusha mtandaoni. Kabla ya jua kutua ilishamfikia mwanawe mama huyo, aliye kazini Saudia. Nilipomwita kijana, alisema: "Nilitaka watu wamsaidie bibi." Hakuwa na nia mbaya. Basi kosa liko wapi?

Jumuiya ya mtandaoni ni nini?

Jumuiya ni watu wanaojuana, wanaosaidiana na walio na kanuni zao. Kikundi chako kina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na faini ya kuchelewa. Jumuiya ya mtandaoni ni watu wanaokutana kwa simu. Chukua mfano wa kundi la WhatsApp la watu wa kijiji kimoja: huyu yuko Ukunda, yule Mombasa, mwingine Qatar. Mtu akifiwa, michango inaingia kwa M-Pesa hata maiti hajaoshwa. Hiyo ni jumuiya kweli, ingawa wengine hawakukaa mkekani pamoja.

Wengine walivyojifunza

Huko Marekani, Profesa Michael Wesch wa Chuo Kikuu cha Kansas State hufundisha elimu ya mila na maisha ya watu. Mwaka 2007 yeye na wanafunzi wake walianza kuchunguza YouTube, mtandao wa video uliokuwa na miaka miwili tu. Hawakutazama kwa mbali. Walijipiga video wenyewe, wakaziweka huko na kuzungumza na watazamaji. Ni kama mgeni anayetaka kuujua uvuvi: hawezi kubaki ufuoni, sharti apande ngalawa.

Mwaka 2008 Wesch alieleza waliyoyaona katika Maktaba ya Bunge la Marekani, mjini Washington. Jambo moja latuhusu sana. Ukisema barazani, unawaona wanaokusikiliza. Mbele ya wazee unasema hivi, mbele ya rika lako vile. Lakini mbele ya kamera humwoni mtu. Anayekutazama aweza kuwa rafiki, mwajiri, adui, au mjukuu wako miaka 20 ijayo. Baraza zote zinakuwa moja.

Hapa Kenya pia tuna mfano. Vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora ramani ya mtaa wao mwaka 2009. Mwaka 2010 wakaanza Kibera News Network, wakipiga video za habari za mtaa kwa kamera ndogo na kuziweka YouTube. Badala ya wageni kuwasimulia, wakajisimulia wenyewe.

Kwetu je?

Wanafunzi wakiwa likizoni waweza kukisaidia kikundi. Wapige video ya namna mnavyopanda mikoko, mnavyosuka makuti au mnavyogawana mzunguko. Kisha wakae nanyi wasome maoni ya watazamaji: ni nani wanaojibu, wanauliza nini, nani anasaidia na nani anadhihaki. Hapo wao wanajifunza jumuiya ya mtandaoni, nanyi pia. Lakini kwanza kubalianeni haya:

1. Anayepigwa video aulizwe kabla, na aelezwe itapelekwa wapi. Kukaa kimya si kukubali.
2. Mtoto asipigwe bila idhini ya mzazi au mlezi.
3. Mwenyewe aitazame kwanza. Akisema "toa hapo", patolewe.
4. Madeni, magonjwa na ugomvi wa nyumbani visirushwe.
5. Namba za simu na daftari la hesabu visionekane.

Haya si adabu tu. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inatilia mkazo idhini ya mwenyewe, na kwa mtoto, ya mzazi au mlezi.

Tukirudi kwa yule mama: kijana aliomba msamaha na kuifuta video. Lakini nakala zilizokwisha kusambaa hakuna awezaye kuzirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Baadaye mama mwenyewe alimwambia: "Sasa nipige nikiwa kazini kwangu, nieleze jinsi ninavyolipa deni langu." Hiyo aliitazama mara mbili kabla hajaruhusu itoke. Sura ni ile ile na deni ni lile lile, ila mara hii mwenye maneno ni yeye.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kundi letu la simu lina kanuni gani? Nani alizitunga?
2. Ni jambo gani letu tungependa watu wa mbali walione? Lipi libaki mkekani?
3. Mtu wetu akiaibishwa mtandaoni, tutafanya nini siku hiyo hiyo?