INJINIA NAYE NI MFANYAKAZI



Mashine mpya ikiletwa kiwandani, watu wawili hushuka garini. Wa kwanza ni muuzaji, mwenye tai na maneno mengi. Wa pili ni injinia wa kampuni hiyo hiyo. Kazi yake ni kuijaribu mashine mbele ya mnunuzi na kujibu maswali yanayomshinda muuzaji. Wengi wetu humhesabu kuwa mtu wa tajiri. Sisi pia tulidhani hivyo mpaka tulipokaa naye.

Kiwanda kimoja cha chai kilinunua mashine ya kukaushia. Muuzaji aliahidi kilo nyingi kwa saa. Mvua ziliponyesha, mashine ikashindwa. Majani yakarundikana na kuharibika, wachumaji wakaambiwa wasichume. Anayelipwa kwa kilo akirudi na kikapu kitupu, watoto watakula nini? Tulimwendea injinia kwa hasira. Akajibu: "Ndugu zangu, nilisema mashine hii haitoshi kwa msimu wa mvua. Nikaambiwa ninyamaze, nisiharibu biashara."

Wenzake wakatueleza mengine. Tenda ikitangazwa, wanakesha wakiandika majibu bila ovataimu, eti kwa kuwa wao ni maofisa. Mashine ikiuzwa, kamisheni ni ya muuzaji. Ikiharibika, lawama ni ya injinia. Tena walisomea kutengeneza mitambo, lakini mwaka mzima wanarudia maelezo yale yale, na ufundi wao unaota kutu.

Tukawauliza: mbona hamna chama? Wakasema chama ni cha wenye ovaroli. Huo ndio uongo unaomnufaisha mwajiri. Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1948, unasema wafanyakazi wana haki ya kuunda chama na kujiunga nacho bila ubaguzi wowote. Na huko Marekani, mwezi Februari 2000, mainjinia na mafundi zaidi ya 15,000 wa kampuni ya ndege ya Boeing waligoma siku 40. Watu walidhani wenye kalamu hawawezi kusimama kwenye baridi langoni. Walisimama. Ndege zikachelewa kukabidhiwa wanunuzi, na kampuni ikarudi mezani na kuwaongezea mishahara.

Basi tunadai mambo matatu. Kwanza, neno la injinia kuhusu uwezo wa mashine liandikwe katika karatasi za mauzo, na muuzaji asilifute. Pili, saa za usiku zilipwe. Tatu, kamisheni igawanywe kwa wote waliofanya kazi.

Dai la kwanza ni letu sisi sote. Injinia akizibwa mdomo ofisini, anayeumia ni mchumaji shambani na mwenye kulisha boila. Siku nyingine akishuka garini, tusimnunie. Tumkaribishe chai, tumpe fomu ya chama.

Umoja ni nguvu!