Usanifu wa Skima za XML kwa Laha-Mtindo Zinazotambua Aina: Mfano wa Kamusi

Makala hii yaeleza namna ya kusanifu skima ya XML, yaani hati inayoweka kanuni za muundo wa data, ili iafikiane na laha-mtindo zinazotambua aina zilizomo. Uwezo huo uliingizwa katika XSLT 2.0, iliyoidhinishwa na W3C mwaka 2007.

Tuchukue kamusi. Kila kitomeo kina kidahizo na maana. Nomino huongezewa ngeli, na kitenzi huongezewa minyambuliko. Msanifu akieleza muundo huo ndani ya kila elementi bila kuupa jina, data itathibitishwa barabara, lakini laha-mtindo haiwezi kurejelea aina isiyo na jina. Hulazimika kuorodhesha: nomino, kitenzi, kielezi. Kihisishi kikiongezwa na orodha isiguswe, matini yake yatachapwa bila mpangilio wa vitomeo, wala skima haitaonyesha kosa.

Yafaa basi kutangaza aina-msingi yenye jina, tuseme AinaKitomeo, katika ngazi ya juu ya skima, kisha kuzalisha AinaNomino na AinaKitenzi kutokana nayo. Ruwaza element(*, AinaKitomeo) itahusu kila kitomeo kilichothibitishwa, hata cha aina itakayozalishwa baadaye.

Mwanaisimu hataona ugeni hapa. Neno kitabu, lenye asili ya Kiarabu, lilipoingizwa katika ngeli ya KI-VI lilipata wingi na upatanisho pasipo kanuni mpya. Kanuni hufuata ngeli, si neno moja moja. Na laha-mtindo nayo ifuate aina.