Alipojifanya mteja wa viungo vya binadamu!

Hapa Tunduma neno dili halina ubaya. Mahindi dili, vitenge dili, hata kwacha za Nakonde ni dili. Lakini, msomaji, kuna binadamu wanaoitwa dili barabarani wakipita zao: wenzetu wenye ualbino.

Mwaka 2008, mauaji yao yaliposhika kasi Kanda ya Ziwa, mwanamama Vicky Ntetema, wakati huo mkuu wa ofisi ya BBC Dar es Salaam, aliamua kujitosa. Hakuwa askari kanzu, silaha yake kalamu tu. Akajifanya mfanyabiashara anayesaka utajiri, akabisha hodi kwa waganga 10. Wapo waliomwahidi dawa yenye viungo vya albino vilivyosagwa. Bei? Kuanzia dola 2,000!

Siri ilipofichuka, vitisho vikamwandama, akalazimika kujificha. Hakunyamaza. Baadaye aliliongoza nchini shirika la Under The Same Sun, linalotetea watu wenye ualbino.

Jamani, mganga hutaja bei kwa sababu wateja wapo. Na soko hilo huanzia mdomoni. Siku ukiwa kijiweni, mtu apite, jamaa aseme "dili hilo", usicheke. Mwambie huyo ana jina.