Suti tu inaweza kumnyima mbwa kombe

APRILI 13, 1996, Manchester United ya kocha Alex Ferguson ilikwenda mapumziko ikiwa imeshachapwa mabao 3-0 na Southampton kwenye Uwanja wa The Dell. Waliporudi kipindi cha pili, mashabiki wakakodoa macho. Wachezaji walikuwa wamevua jezi za kijivu walizoanza nazo na kutinga nyingine za bluu na nyeupe.

Sababu iliyotolewa iliwavunja watu mbavu. Ilidaiwa jezi za kijivu zilikuwa zinapotelea kwenye rangi za watu waliokaa jukwaani, kiasi kwamba mchezaji akiinua kichwa atoe pasi, hamwoni mwenzake. Mechi iliisha 3-1 na jezi zile zikawekwa kabatini jumla.

Hadi leo wapo wanaoamini kile kilikuwa kisingizio cha watu waliozidiwa. Lakini upo mchezo mmoja ambao ukiwasimulia watu wake kisa hicho, hakuna atakayecheka. Watakuuliza tu: kwa nini walisubiri mpaka mapumziko?

Mchezo huo ni maonyesho ya mbwa.

Ndiyo, mbwa. Yule ambaye kwa wengi wetu kazi yake ni kulinda geti na kubweka usiku, kwenye nchi za wenzetu anaingizwa ulingoni, anakimbizwa, anakaguliwa meno na mgongo, kisha anapewa kombe mbele ya kamera za televisheni.

Na pembeni yake, akiwa ameshika kamba, yupo mtu anayemwongoza. Huyo mtu ndiye mwenye kimbembe cha nguo. Akivaa vibaya, mbwa wake anaweza kurudi nyumbani mikono mitupu hata kama ni bora kuliko wote.

SI MCHEZO WA JUZI

Maonyesho ya Westminster ya jijini New York yalianza mwaka 1877, miaka miwili tu baada ya mbio za farasi za Kentucky Derby. Yale ya Crufts nchini Uingereza yalianzishwa na Charles Cruft mwaka 1891 jijini London, na tangu 1991 yanafanyika Birmingham.

Mfumo wake unafanana na mashindano ya mtoano. Mbwa wa mbegu moja wanashindanishwa wao kwa wao. Mshindi anapanda kwenye kundi lenye mbegu zinazokaribiana, na washindi wa makundi saba ndio wanaoingia fainali kumtafuta bingwa wa jumla.

Jaji hatafuti mbwa anayependeza machoni pake. Kila mbegu ina maelezo yake yaliyoandikwa: kimo, kichwa, mgongo, mkia, miguu na mwendo. Kazi ya jaji ni kuangalia ni mbwa gani aliye karibu zaidi na maelezo hayo.

Muda wenyewe sasa. Nchini Marekani jaji anatarajiwa kupitia mbwa wapatao 25 kwa saa moja. Piga hesabu, ni chini ya dakika mbili na nusu kwa kila mbwa. Kuna ukaguzi wa VAR unaochukua muda mrefu kuliko huo.

Ndani ya dakika hizo, chochote kinachomfanya jaji amtazame binadamu badala ya mbwa ni hasara.

MWONGOZAJI NDIYE UKUTA

Ili kuelewa kwa nini nguo ni ishu kubwa hivyo, lazima ujue watu wanavyosimama ulingoni.

Jaji yuko katikati. Waongozaji wanakimbia kumzunguka kinyume na mwendo wa saa, kama wanariadha wanavyokimbia uwanjani. Mbwa anakaa upande wa kushoto wa mwongozaji, yaani upande wa ndani, ulipo macho ya jaji.

Maana yake ni kwamba jaji akimtazama mbwa, nyuma ya mbwa huyo anaona suruali au sketi ya mwongozaji. Miguu ya mwongozaji ndiyo ukuta ambao picha ya mbwa inatundikwa.

Sasa chukua Rottweiler au Doberman mweusi tii, halafu mwongozaji wake atinge suruali nyeusi. Mstari wa mgongo, ambao jaji anautafuta kwa udi na uvumba, unamezwa. Mbwa amefugwa, amelishwa na kufundishwa kwa miaka, kisha siku ya fainali anafichwa na suruali.

Kwa hiyo hesabu ya kwanza ni rangi. Mbwa mweusi anatafutiwa kijivu cha mpauko, krimu au bluu ya anga. Mbwa mweupe anatafutiwa bluu iliyokolea, kijani au zambarau. Mwenye manyoya ya dhahabu haendi na kahawia.

Mauamaua, mistari na madoa ni hatari nyingine, kwani macho ya jaji yanahangaika na kitambaa. Fikiria Dalmatian mwenye madoa anaongozwa na mtu aliyevaa blauzi ya madoa. Hapo hata jaji mwenye macho ya mwewe atapata shida.

Kibaya zaidi kwa wale wanaofanya kazi hii kwa malipo, siku moja mtu anaweza kuingia na mbwa mweusi asubuhi, mweupe mchana na mwekundu jioni. Ndiyo maana utawakuta na makoti mawili matatu yametundikwa pembeni, kama kipa anayebeba jezi za akiba ili asifanane na yeyote uwanjani.

Kwenye soka, Sheria Namba 4 inazitaka timu mbili zivae rangi zinazotofautiana. Huku, timu pinzani kwa rangi ni wewe na mbwa wako mwenyewe.

JINA MGONGONI? SAHAU

Ukifika ulingoni ukiwa na jezi yenye jina lako mgongoni, hufiki mbali. Kanuni za chama cha mbwa cha Marekani, American Kennel Club, zinakataza mtu kuingia na beji, koti la klabu au nguo yenye jina la banda analotoka mbwa. Kinachoruhusiwa ni namba tu, ambayo hufungwa kwenye mkono wa kushoto kama kitambaa cha nahodha.

Lengo ni jaji asijue huyu ni mbwa wa tajiri gani au banda gani maarufu. Ni kweli waongozaji wakubwa wanajulikana kwa sura, hilo halifichiki. Lakini angalau nguo isipige kampeni.

Ajabu ni kwamba pamoja na ukali huo, kanuni hazimwambii mwongozaji avae suti au nini. Suti, tai na sketi nadhifu ni desturi tu iliyojengeka. Kwenye fainali za Westminster majaji wenyewe huingia na mavazi ya hafla za usiku, hivyo mwongozaji akitokea na jinzi atakuwa kama mtu aliyekwenda harusini na kandambili.

MIFUKO, VIATU NA VISIGINO

Ukimaliza rangi, unakuja upande wa kazi yenyewe. Mwongozaji anakimbia, anapiga magoti, anainama, ananyanyua mbwa mezani na kumpanga miguu. Nguo inayombana itamuumbua mbele ya umati.

Mfuko ni lazima. Humo ndimo kinakaa kipande cha ini au kuku cha kumfanya mbwa asimame vizuri, masikio juu, macho mbele. Nguo nyingi za kike hazina mifuko ya maana, ndiyo maana baadhi ya kina mama hupeleka sketi kwa fundi ziongezwe mifuko. Wengine hufunga kifuko kiunoni, na wapo wanaobana kipande cha nyama mdomoni wakati wakimpanga mbwa. Si utani.

Mfuko wa pili una kazi nyingine. Mwaka 2020, mbwa Maisie, Dachshund wa manyoya magumu, alitwaa ubingwa wa Crufts. Wakati anapigishwa mzunguko wa ushindi kwenye zulia la kijani, akachuchumaa na kujisaidia hapohapo, kamera zikiwaka. Tangu siku hiyo hakuna haja ya kumweleza mtu kwa nini mwongozaji anatembea na mfuko wa plastiki hata akiwa bingwa.

Funguo na sarafu zinatolewa mfukoni kwa sababu zinagongana na kumshtua mbwa. Bangili nazo zinavuliwa. Tai inabanwa, koti linafungwa kifungo, maana mwongozaji akiinama vinaning'inia na kumpiga mbwa usoni. Sketi pana inayopepea ni adui wa mbwa mdogo. Ikimgusa mara mbili, anaanza kukimbia kwa kujihami na mwendo wote unaharibika.

Viatu ndivyo vinavyowaangusha wageni, kwa maana halisi ya kuanguka. Ndani ya ukumbi kuna sakafu na mazulia, nje kuna nyasi zenye umande. Kisigino kirefu kinazama kwenye nyasi na kuteleza ukumbini. Wazoefu wanavaa flati zenye soli ya mpira, hata kama juu wametupia suti ya maana. Ni kama beki anayechagua njumu kulingana na uwanja.

PAMBA ZA BEI, NA MTUMBA PIA

Miongoni mwa wanawake wa Marekani wanaoongoza mbwa, jina linalotajwa sana ni St. John, kampuni ya California iliyoanzishwa mwaka 1962. Suti zake zimefumwa kwa uzi unaovutika, hivyo mtu anakimbia na kupiga magoti bila nguo kukunjamana.

Bei yake ikiwa mpya si ya kitoto, inaweza kuvuka dola 1,000. Ndiyo maana wengi wanazisaka zilizokwishavaliwa. Kwa lugha ya nyumbani, huo ni mtumba wa daraja la kwanza.

Na hapo ndipo linapokuja swali la haki. Bingwa wa Westminster hapewi fedha taslimu, anapewa kombe na heshima. Mwenye mbwa analipa nauli, hoteli, ada ya kuingia na mara nyingi mwongozaji. Anayekuja na mbwa mmoja aliyemlea jikoni kwake anasimama bega kwa bega na mtu mwenye kabati zima la makoti.

Ahueni yake ni kwamba jaji hana alama za bei ya nguo. Suruali ya kijivu iliyopigwa pasi, shati safi na raba nyeusi zisizoteleza vinafanya kazi ileile, ilimradi mbwa aonekane.

Hilo ndilo wanalofundishwa watoto mapema. Marekani yapo mashindano ya vijana wa miaka tisa hadi chini ya 18, na Crufts nayo ina fainali ya kimataifa ya vijana. Huko anayepewa alama ni mwongozaji, mbwa hapimwi. Lakini hata hapo, kijana anayevaa ili atazamwe yeye anakuwa amekosea somo, kwani alama zinatolewa kwa anavyomfanya mbwa aonekane.

Waswahili walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye ulingo huu kizuri nacho lazima kitembezwe, na anayekitembeza ajue kukaa pembeni.

Hata Afrika Mashariki mchezo huu upo. Nairobi kuna East Africa Kennel Club, inayoandaa maonyesho ya mbwa wa mbegu, na hesabu za rangi na viatu ni zilezile.

MWALIMU NA MWANAFUNZI

Mwaka 1956, Anne Rogers Clark aliweka historia Westminster kwa kuwa mwanamke wa kwanza mwongozaji wa kulipwa kutwaa ubingwa wa jumla. Alikuwa na Poodle mdogo mweupe. Akarudia mwaka 1959 na 1961, mara zote akiwa na Poodle.

Baadaye, kijana kutoka Japan aitwaye Kaz Hosaka akaenda Marekani kujifunza kazi kwa mama huyo. Mwaka 2002 akatwaa ubingwa wa Westminster na Poodle aitwaye Spice Girl.

Mei 14, 2024, Hosaka aliingia tena fainali, safari hii na Sage, Poodle mweusi. Alikuwa amefanya kazi hiyo kwa miaka 45 na alishasema hiyo ndiyo Westminster yake ya mwisho. Sage akachaguliwa bingwa. Chini ya miezi miwili baadaye Hosaka alianguka, akaumia vibaya na kufariki dunia akiwa na umri wa miaka 65.

Waliotazama fainali ile wanaweza kukusimulia manyoya ya Sage yalivyonyolewa kwa mafundo, shingo ilivyosimama na miguu ilivyokuwa ikigusa zulia kwa wepesi. Waulize Hosaka alivaa suti ya rangi gani. Wengi watakuna kichwa.

Kwa miaka 45, hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya.